Mlinzi wa Njia ya Manjano

Jina lake sitaliandika. Nililiandika mara moja tu, katika barua yenye tarehe, anwani na nakala mbili, na hilo ndilo lililomponza. Katika kurasa hizi ataitwa Mlinzi, kama alivyoitwa na kila aliyepita getini. Msomaji atakayeliona pengo hilo asidhani ni uzembe wa kumbukumbu. Ni adabu, nayo imechelewa.

Wala sitaeleza alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani. Kwa miaka thelathini na miwili nilikuwa msajili wa vizazi na vifo katika ofisi ya wilaya, Kigoma. Nimeandika kuzaliwa kwa watu na kufa kwao, mara nyingine mtu yule yule katika madaftari yote mawili, na ninathibitisha kwamba katika safu zote hizo hakuna hata moja inayoeleza mtu alikuwa wa namna gani. Yafuatayo ni yale yasiyokuwa na safu.

Nilipostaafu, binti yangu alinileta Durban, kwake Morningside. Daktari akaniagiza nitembee kwa ajili ya shinikizo la damu. Mwendo wa dakika kumi kutoka mlangoni kwetu ipo bustani ya sanamu: msitu mdogo uliosazwa kati ya nyumba za watu, wenye njia tatu za miguu zilizowekewa alama za rangi kwenye mashina, nyekundu, buluu na manjano. Kando ya njia hizo zimesimamishwa sanamu za chuma, za mawe na za miti. Wastaafu huingia bila malipo Jumanne na Alhamisi. Kwa miaka minne sikukosa siku hizo mbili isipokuwa kwa mvua kubwa au kwa msiba.

Siku ya kwanza nilimsikia kabla ya kumwona. Nilikuwa nimesimama mbele ya sanamu namba saba. Kwa mujibu wa ramani niliyopewa getini, namba saba ni mwanamke wa mti aliyebeba mtungi. Mbele yangu palikuwa na farasi wa chuma. Nikarudi nyuma hatua ishirini, nikakuta namba saba nyingine. Nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili, nikiamini hakuna wa kunielewa: "Upuuzi mtupu!"

"Upuuzi ya zamani, Mama," sauti ikajibu kutoka kichakani, kwa Kiswahili cha Kongo. "Mi nilikuta iko vile vile."

Akatokea mtu mfupi, mkavu, amevaa sare ya rangi ya udongo iliyoshonwa kwa ajili ya mtu mkubwa kuliko yeye. Mikono ya shati ilikuwa imekunjwa mara tatu. Shingoni alining'iniza filimbi ambayo katika miaka yote minne sikupata kumsikia akiipuliza. Kifuani alikuwa na beji ya jina, nayo ameigeuza, upande wa maandishi umelalia shati.

"Beji huvaliwa ionekane," nikamwambia.

Akaitazama kama kitu alichokiokota njiani. "Iko inaonekana, Mama. Inaonekana mugongo." Kisha akanitazama mimi. "Batanzania banaanzaka na salamu. Weye unaanza na makosa. Ulikuwa polisi?"

"Nilikuwa msajili. Wa vizazi na vifo."

"Aa," akasema, akarudi nyuma hatua moja. "Ile ni mbaya kupita polisi."

Tangu siku hiyo akaniita Mama Msajili, na mimi nikaendelea kumkumbusha habari ya beji kila Jumanne. Hakuigeuza. Nilidhani ni ukaidi. Nimekaa mezani nikipokea vitambulisho vya watu kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu, na sikutambua mtu anayeficha jina lake mbele ya macho yangu.

Mgongo ulikuwa jambo kubwa kwake. Kila asubuhi kabla ya geti kufunguliwa aliizunguka bustani kinyume, akianzia kwenye njia ya kutokea na kuishia kwenye njia ya kuingilia. Nilimuuliza sababu, kwa kuwa maelekezo ya ukaguzi yaliyobandikwa ukutani yalisema waziwazi kwamba doria inaanzia getini.

"Juu ya kuona sanamu mugongo kwanza," akasema. "Uso inadanganyaka, Mama. Ile aliyechonga alijua utaangalia uso. Mugongo alichonga akiwa peke yake."

Nikamwambia hiyo si sababu ya kiusalama. Akakubali kwamba si ya kiusalama. Alhamisi iliyofuata nilijikuta ninaanza na njia ya kutokea, nami ni lazima niweke wazi kwamba alikuwa sahihi: yule farasi wa chuma, ambaye kwa mbele ni mbwembwe tupu, kwa nyuma ana mafundo ya kuunganishia yaliyoachwa wazi kama ya nguo iliyoshonwa kwa haraka siku ya sikukuu. Nilimpenda baada ya hapo. Kibao chake niliendelea kukichukia.

Lilikuwapo jambo moja lililonikera kuliko beji. Wanafunzi walipoletwa kuzuru, Mlinzi ndiye aliyewatembeza ikiwa mwelekezaji hakufika, naye mara nyingi hakufika. Mlinzi alizungumza nao Kizulu chake cha kuokoteza na Kiingereza cha kuokoteza zaidi, nao walimfuata kama vifaranga. Jumanne nilimsikia akieleza kwamba mwanamke mwenye mtungi ni mjane aliyekataa kurithiwa. Alhamisi mwanamke huyo huyo alikuwa malkia aliyejificha miongoni mwa wachota maji. Wiki iliyofuata alikuwa mkunga.

"Huyu mwanamke ni nani hasa?" nikamkabili baada ya wanafunzi kuondoka.

"Inafuata nani anauliza."

"Kwa hiyo unawadanganya watoto."

"Mama Msajili, weye uliandikaka kila mtu jina moja, tarehe moja, mpaka kufa. Na walikuwa mtu mmoja mpaka kufa? Kweli?"

Nikamwambia swali hilo si la kiutawala. Nilipomsimulia binti yangu jioni ile alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Mama, umestaafu wewe, lakini mhuri wako haujastaafu," akasema. "Mwache mzee wa watu." Ninaiweka kauli hiyo hapa kwa sababu ilikuwa onyo la kwanza, na lilitolewa kwa wakati.

Isidhaniwe kwamba alikuwa mpole. Kwenye kila sanamu palikuwa na amri ya kutogusa, naye, aliyeajiriwa kuisimamia amri hiyo, aliwaambia wageni waguse, ila kwa mgongo wa kiganja, "kama vile unapima mtoto homa." Lakini siku moja walikuja maharusi kupiga picha, na bwana harusi akalivua koti lake akalitundika kwenye bega la sanamu ya mti ili apate kupozi. Sijapata kusikia ukali wa namna ile. Mlinzi alimfokea kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, kwa Kizulu, mpaka bibi harusi akaanza kulia na wapambe wakataka kumpiga. Juma lile lile nilimkuta mlevi mmoja amelala fofofo, kichwa juu ya miguu ya sanamu ile ile, na Mlinzi amemfunika kwa gunia.

"Huyu je?" nikauliza.

"Huyu amechoka," akasema. "Yule alikuwa anaonyesha."

Katika mwezi wa Ramadhani, nilipokuwa ninatembea polepole kwa sababu ya saumu, alinifagilia jiwe moja la kukalia pale njia ya manjano inapopinda kuelekea kijito, akaniwekea kibao alichokiandika kwa mkaa: MSAJILI. Hakuzungumza habari zake. Siku ya Idi kibao kilikuwa kimekwisha kuondolewa na utawala, kwa kuwa hakikuwa kwenye ramani.

Sasa nifike kwenye sanamu tatu, maana ndizo zilizozaa mashaka yote.

Mwishoni mwa njia ya manjano, ng'ambo ya kijito, zipo namba kumi na tisa, ishirini na ishirini na moja. Hazikuletwa pale kwa gari kama nyingine. Zimechongwa kwenye vigogo vya miti iliyoangushwa na dhoruba, pale pale ilipoangukia. Moja ni mwanamume aliyelala ubavu, mkono chini ya shavu. Ya pili ni mwanamume aliyeketi karibu yake, magoti kifuani, anamlinda aliyelala. Ya tatu ni mzigo tu, furushi lililofungwa kwa kamba, limekaa njiani kana kwamba mwenyewe atarudi kulichukua. Watu waliopita kwenye njia zote wakicheka na kupiga picha walifika pale wakanyamaza. Vibao vyote vitatu vilisema maneno mawili: MSANII HAJULIKANI.

Niligundua jambo la kwanza kwa pua. Namba kumi na tisa ilinukia samaki wa kukaanga.

"Mlinzi, kwa nini sanamu hii inanuka jiko?"

Akatazama juu kwenye matawi, walikokuwa tumbili, kana kwamba wao ndio watakaojibu. "Muti ukikauka unapasuka, Mama. Unataka mafuta. Ile mafuta mizuri iko bei. Basi nikimaliza kupika, minaleta ile imebaki." Akakigonga kigogo kwa kidole. "Muti unakula ile minakula."

Utawala haukumwagiza kazi hiyo, nikamwambia. Akasema hapana, haukumwagiza. Nikamuuliza mbona hakuipaka mafuta ile ya mwanamke mwenye mtungi, ambayo nayo ni ya mti na imepasuka begani. Akaanza kuokota majani makavu njiani. Ndipo nilipoinama kuzikagua sanamu zile tatu kwa uangalifu nilioutumia zamani kukagua saini, na nikaona. Kila moja ilikuwa na kipande cha gome kilichoachwa, upana wa kiganja, mahali pasipoonekana kwa mbele: kisogoni kwa aliyelala, chini ya kwapa kwa aliyeketi, ubavuni mwa furushi. Kingo zake zilikuwa zimekatwa vizuri. Aliyefanya hivyo alikusudia, tena zote tatu zilitoka mkono mmoja.

"Nani aliyeacha magome haya?"

"Kwetu wachongaji banaachaka," akasema. "Muti ukimvua nguo yote, anapata haya. Unamuachia kidogo ya kujisitiri." Alikuwa amekwisha kuupeleka mgongo wa kiganja chake kwenye kisogo cha yule aliyelala, akaulaza pale pale kwenye gome, bila kutazama, kama mtu anayetafuta swichi ya taa katika chumba chake mwenyewe.

Sikuhitaji ushahidi zaidi. Nilimwambia, kwa hasira ambayo mpaka leo siioni kuwa ya aibu, kwamba ni udhalimu mtu kusimama kila siku akilinda kazi ya mikono yake iliyoandikwa kwamba mwenyewe hajulikani. Akaniomba nishushe sauti. Alinieleza kwa ufupi: alianza pale kama kibarua wa kukata miti iliyoanguka, msimamizi wa wakati huo alimwona akichezea kigogo kwa shoka, akamruhusu aendelee, msimamizi akaondoka. Walipokuja wengine na vibao vyao wakauliza ni kazi ya nani, yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia waandike hajulikani.

"Kwa nini?"

"Ni kweli vile."

Jina nilipewa miezi mingi baadaye, wala sikuliomba siku hiyo. Mvua ilitunyeshea ghafla, tukakimbilia kibanda cha mapumziko kando ya kijito. Tulikaa muda mrefu, ndege waitwao hadeda wakipiga kelele zao juu ya paa, mimi nikipangusa miwani. Mlinzi akasimama. Akaikaza ile sare pana mwilini, akaweka visigino pamoja, kama watu walivyokuwa wakisimama mbele ya dirisha langu Kigoma, akalitamka jina lake lote, majina matatu, polepole, moja baada ya jingine. Kisha akaketi.

"Sasa unaijua," akasema. "Mutu moja akiijua, inatosha."

Naliandika neno hilo kama alivyolisema kwa sababu haki inanidai niliandike. Alisema inatosha. Mimi niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu mawili, nikayaona kuwa ni unyenyekevu wa mtu aliyeonewa muda mrefu. Sikuwahi kuamini kwamba jina linatosha likijulikana na mtu mmoja. Kazi yangu yote ilikuwa kinyume cha imani hiyo. Niliamini, na nililala kwa amani kwa miaka mingi nikiamini, kwamba utaratibu ukifuatwa kwa usahihi hauwezi kumdhuru mtu wa kweli.

Barua niliitunga siku tatu. YAH: KASORO KATIKA VIBAO NAMBA 19, 20 NA 21. Nilieleza habari ya magome, ya mafuta, ya msimamizi wa zamani. Nikaliandika jina lile kwa herufi kubwa, majina yote matatu kwa mpangilio wake, nikaomba lichorwe kwenye vibao kabla ya mwisho wa mwezi. Binti yangu aliitafsiri kwa Kiingereza na kuipiga chapa.

"Mama, umemuuliza mwenyewe?"

"Haki haiombewi ruhusa."

"Mama, huku si Kigoma. Huku watu wana sababu zao."

"Piga chapa," nikasema.

Msichana wa mapokezi ya bustani aliipokea kwa mikono miwili. "Eish, Mama, barua ya kweli kabisa, mpaka na bahasha!" akasema kwa Kiingereza, akacheka kwa wema. Nilidai aandike kwenye nakala yangu kwamba ameipokea. Aliandika. Nakala hiyo ninayo.

Jumanne mbili zilipita, Mlinzi akiwa kama kawaida. Hakusema kitu nami sikusema, nikitaka ajionee mwenyewe siku kibao kitakapobadilishwa. Jumanne ya tatu getini palikuwa na mlinzi mwingine, mwanamke wa makamo mwenye sare iliyomkaa sawasawa na beji inayosomeka. Nikamuuliza habari za mwenzake. Hakujua alikuwapo mwenzake.

Jibu la utawala lilinifikia wiki hiyo. Lilikuwa la heshima, tena limeandikwa vizuri, na nimelisoma mara nyingi kuliko barua yoyote nyingine niliyopata kupokea. Walinishukuru kwa kuwasaidia kusafisha kumbukumbu zao. Walieleza kwamba mfanyakazi niliyemtaja alihojiwa, akakiri kwamba yeye ndiye aliyechonga sanamu tatu. Hata hivyo jina nililowapa halikuwa jina lililomo katika faili lake la ajira wala katika kibali chake cha ukimbizi. Baada ya kufuatilia walibaini kwamba jina nililowapa ni la mtu aliyekwisha kufa na kuzikwa katika mji huu miaka kadhaa iliyopita. Mfanyakazi alithibitisha kwa maandishi kwamba jina lake ni lile la kwenye kibali. Kwa kuwa mkanganyiko wa vitambulisho haukubaliki katika kazi ya ulinzi, kampuni inayowaajiri walinzi ilisitisha mkataba wake. Vibao vitabadilishwa kama nilivyoomba.

Nimeandikisha vifo vya kutosha. Sikuhitaji mtu wa kunifafanulia. Jina la kwenye kibali, walilolinukuu, lilikuwa la ukoo ule ule: walikuwa ndugu wawili waliofika pamoja, kibali kilitolewa kwa mmoja, mmoja akafa. Aliyekufa alikuwa yule mwenye kibali. Aliyebaki akakichukua kibali na jina lililomo, na kwa kuwa maiti haizikwi bila jina, akampa ndugu yake jina lake yeye. Katika daftari la vifo la mji wa Durban, Mlinzi amekufa. Na mimi, kati ya watu wote, ndiye niliyekwenda kuwaambia kwamba maiti huyo anatembea bustanini kwao.

Nilikwenda kuiondoa barua yangu. Nilivaa suti niliyostaafia. Nilimwambia yule msichana wa mapokezi kwamba nilikosea, kwamba jina lile nililibuni, kwamba mimi ni mzee na kumbukumbu zinanipotea. Nilisema uwongo mtupu, mbele ya meza, kwa mara ya kwanza maishani.

"Pole, Mama," akasema, na safari hii hakucheka. "Barua ikishaingia kwenye faili haitoki."

Kauli hiyo naijua. Niliwaambia watu kauli hiyo kwa miaka thelathini na miwili, wakiwa wamesimama mbele yangu kama nilivyosimama mimi mbele ya msichana huyo. Baadhi yao walilia. Niliwaona wakilia, nikawaita waliofuata kwenye foleni.

Vibao vipya viliwekwa kabla ya mwisho wa mwezi, kama nilivyodai. Ni vya chuma kinachong'aa, na vina jina la kwenye kibali: la yule ndugu, ambaye kwa kadiri ninavyojua hakupata kushika patasi. Kwa hiyo kabla ya barua yangu kibao kilisema kwamba msanii hajulikani, na ilikuwa kweli, maana yeye mwenyewe alitaka iwe hivyo. Baada ya barua yangu kinasema uwongo, nao una mhuri. Wakati huo huo walikodi watu wa kuzisafisha sanamu na kuzipaka vanishi. Wasafishaji hao, wakidhani ni uchafu uliosahauliwa, walibandua magome yote matatu. Aliyelala kisogo chake sasa ni cheupe kama mahali palipotolewa plasta.

Tumbili bado wapo. Harufu ya samaki imekwisha.

Nilimtafuta. Nilikwenda mtaa wa Cato Manor, kwa mwanamke wa Kikongo mwenye saluni ambaye Mlinzi aliwahi kuniambia kwamba huimba naye kanisani. Alinisikiliza huku akisuka, akaniuliza mimi ni nani kwake. Nikasema ni rafiki. "Marafiki yake banajua kwenye iko," akasema, akaendelea kusuka.

Zilipita takriban miezi minane. Binti yangu alinipeleka Isipingo kununua unga wa muhogo na dagaa, kwa wachuuzi walio karibu na stendi ya taksi. Yeye alikuwa akibishana na muuza dagaa. Mimi nilisimama kando, na kwenye turubai la buluu lililotandikwa chini nikaona miiko, mbao za kukatia nyama, michi midogo ya kutwangia vitunguu saumu. Nyuma ya vitu hivyo, juu ya kreti lililopinduliwa, aliketi mtu magoti kifuani. Alikuwa amevaa shati lake mwenyewe, la kipimo chake. Sikujua kwamba alikuwa mdogo kiasi kile.

"Mama Msajili," akasema yeye kwanza. "Presha iko namna gani?"

Nilikuwa nimeitunga hotuba, kwa kuwa mimi hutunga kila kitu. Ilikuwa na aya nne. Nilichoweza kusema ni, "Nisamehe."

"Bon, basi," akasema. Aliupangusa mwiko kwa kitambaa, akauweka mahali pake. "Bwana mkubwa alikuwa na barua yako kwa meza. Alinionyesha. Mandiko mizuri sana." Hakukuwa na kejeli usoni pake, na ningeona heri ingekuwapo. "Aliniuliza, weye ni huyu ao ni huyu? Nikasema, mi ni ile ya karatasi. Ningesema nini? Yule mwingine iko chini."

"Ni ndugu yako."

"Mukubwa yangu. Nilimuzika na jina yangu. Alikuwa anahitaji moja." Akatazama taksi zilizokuwa zikipakia. "Kibao, baliandika?"

Hakuwa amerudi kuona. Alikuwa hajui. Katika ofisi yangu nilikuwa na desturi ya kuwapelekea watu habari mbaya nikiwa nimesimama, kwa sauti moja, bila kuongeza neno, nikafanya hivyo. Nilimwambia kwamba vibao vimewekwa, vyote vitatu, na jina lililoandikwa ni la ndugu yake.

Aliipanga miiko upya, mmoja baada ya mwingine, mpaka binti yangu akamaliza kubishana na muuza dagaa, akaja kusimama nyuma yangu na mfuko mkononi.

"Basi tumebadilishana yote," akasema hatimaye. "Yeye iko na sanamu yangu. Mi niko na kaburi yake."

Nikasema nitaandika tena. Nitaandika kwa wakubwa zaidi, nitaeleza kila kitu upya, tangu mwanzo. Nilijisikia nikisema hivyo, na nilimsikia binti yangu akivuta pumzi. Mlinzi aliinua kiganja chake, akautanguliza mgongo wa kiganja hicho kuelekea kwangu, kama alivyowafundisha wageni kugusa. Hakunigusa. Aliuacha hewani kidogo, kisha akaurudisha juu ya goti lake.

"Hapana, Mama," akasema. "Acha kuandika."

Nikaomba nichague mwiko. Akasema nichague. Ilikuwa miiko mizuri, ya mti mwekundu, myepesi, iliyopigwa msasa mpaka ikateleza. Niliuchukua mmoja, nikapitisha kidole gumba nyuma ya shingo yake, pale bakuli linapoungana na mpini. Nikaugeuza. Nikachukua mwingine, nikautazama chini ya mpini, kisha ubavuni, mahali gome hufichwa. Nikachukua wa tatu.

Alikuwa amekwisha kumgeukia mteja mwingine, akimtajia bei kwa Kizulu. Lakini aliniona.

"Usitafute, Mama," akasema bila kugeuka. "Haiko."